Jina Kwenye Daftari: Baraza la Madaktari Tanganyika Tangu 1959

Kwenye zahanati nyingi za Tandika, Manzese au Bunju, mgonjwa akishaketi kwenye benchi hujikuta anatazamana na fremu zilizotundikwa ukutani. Kipo cheti cha namba ya mlipakodi, kipo cheti cha usajili wa kituo, na pale mambo yalipokaa sawa kipo pia cheti chenye jina la daktari mwenyewe. Wanaozisoma ni wachache. Mama aliyebeba mtoto mwenye degedege hana nafasi ya kukagua karatasi za ukutani, wala hapaswi kubebeshwa kazi hiyo. Tangu mwaka 1959 kazi hiyo ina mwenyewe.

Mwenyewe ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Lilizaliwa miaka miwili kabla ya Uhuru, likaukuta Muungano, likapita katika Azimio la Arusha na katika soko huria, na leo linapokea maombi kwa njia ya mtandao. Muda wote huo kiini cha kazi yake hakijabadilika: kutunza daftari la watu wanaoruhusiwa kutibu, kuwaingiza wanaostahili, kuwasimamisha au kuwafuta wanaovunja miiko. Mengine yote, yaani fomu, ada, mitihani, vikao vya nidhamu na barua za utambulisho, yameota kutoka kwenye daftari hilo.

Jina la Tanganyika limebaki kwa sababu afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina baraza lake. Daktari wa Unguja anayetaka kufanya kazi Temeke hubisha hodi kwenye mlango wa Baraza la Bara, na wa Temeke anayekwenda Unguja vivyo hivyo.

Mji uliokuwa mdogo: kabla ya 1959

Wajerumani walimaliza kujenga Hospitali ya Ocean Road mwaka 1897. Dar es Salaam ya wakati huo ilitibu watu kwa rangi: Ocean Road kwa Wazungu, na hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji kwa Waafrika na Waasia. Jina la Sewa Haji bado limo Muhimbili, kwenye jengo la wodi, na wazee wengi wa mji huliita hivyo hivyo bila kujua alikuwa nani.

Katika mji wa namna hiyo daktari alitambulika kwa mwajiri wake. Wa serikali alijulikana serikalini, wa misheni alijulikana misheni, na wa kliniki ya Uhindini alijulikana kwa majirani. Lakini mji ulikuwa unakua. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1956, Princess Margaret wa Uingereza alikuwa amefungua hospitali iliyopewa jina lake, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Magomeni na Temeke zilikuwa zinajazwa nyumba za Waafrika. Mgonjwa akaanza kukutana na daktari asiyemjua, aliyesoma chuo asichokijua, katika nchi asiyoijua.

Hapo ndipo haja ya daftari ilipokuwa nzito. Uingereza yenyewe ilikuwa imeijibu haja ya aina hiyo karne moja nyuma, kwa Sheria ya Madaktari ya 1858 iliyoanzisha rejesta ya kitaifa. Tanganyika ikapata yake mwaka 1959, kwa Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 409. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Baraza.

Daftari lenye majina ya wageni: 1959 hadi 1976

Desemba 1961 bendera ilipopandishwa, nchi ilikuwa na madaktari Waafrika 12. Hesabu hiyo imerudiwa na viongozi kwenye hotuba nyingi mpaka imekuwa sehemu ya simulizi la Uhuru. Kwa Baraza ilikuwa na maana ya kawaida kabisa: karibu kila jalada lililofika mezani lilikuwa la mtu aliyesomea nje ya nchi. Waafrika wachache waliokuwapo walitoka Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalianza miaka ya 1920. Wengine wote walileta vyeti vya Uingereza, India na kwingineko.

Kuhakiki cheti cha ng'ambo wakati huo kulikuwa kuandika barua na kungoja meli au ndege ilete jibu. Hapakuwa na chuo cha nyumbani cha kulinganishia. Kilikuja mwaka 1963, Chuo cha Tiba cha Dar es Salaam kilipoanza chini ya Wizara ya Afya, ndani ya eneo la Muhimbili. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na tangu hapo Baraza likaanza kupokea majalada ya vijana ambao walimu wao walikuwa mwendo wa miguu tu kutoka mjini.

Hata hivyo, nchi haikuwa inatibiwa na madaktari wa shahada peke yao, na hapa historia ya Baraza ina pengo ambalo ni haki kulitaja. Katika zahanati za pembezoni mgonjwa alipokewa na tabibu, tabibu msaidizi au mganga msaidizi wa vijijini. Katika hospitali za wilaya visu vingi vilishikwa na madaktari wasaidizi. Hawa ndio waliobeba mzigo. Jina la Sheria ya 1959 lilitaja makundi mawili tu: madaktari na madaktari wa meno. Ilichukua miaka 58 kwa jina la sheria kupanuka.

Milango iliyofungwa na kufunguliwa: 1977 hadi 1999

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Hospitali Binafsi. Tiba ya kutafuta faida ilipigwa marufuku; vituo visivyo vya serikali viliruhusiwa kuendeshwa na taasisi zilizoidhinishwa, hasa mashirika ya dini. Madaktari waliokuwa na kliniki zao walichagua: kuingia serikalini, kujiunga na taasisi ya dini, au kuondoka nchini. Daftari la Baraza halikufungwa, ila thamani ya jina lililomo ilibadilika. Daktari alibaki na usajili wake, lakini hakuweza kufungua mlango wake mwenyewe.

Marekebisho ya 1991 yaliufungua tena mlango huo. Yaliyofuata Dar es Salaam yalionekana kwa macho. Barabara ya Morogoro kuanzia Magomeni hadi Kimara, Barabara ya Kilwa kuanzia Mtoni hadi Mbagala, vichochoro vya Tandale na Keko, kote huko kukachipua vibao vyenye msalaba mwekundu na neno "zahanati". Nyumba ya vyumba vitatu ilibomolewa ukuta mmoja, ikapigwa rangi nyeupe, ikawekwa darubini na kitanda, na tiba ikaanza.

Mikocheni ilikuwa imetangulia. Marehemu Profesa Hubert Kairuki alikuwa ameanzisha huko hospitali iliyoitwa Mission Mikocheni mwaka 1987, miaka minne kabla ya marufuku kulegezwa. Mwaka 1997 hospitali hiyo ikazaa chuo kikuu cha tiba, ambacho leo kinabeba jina lake. Kwa mara ya kwanza Kinondoni ikawa na kiwanda cha madaktari kisicho cha serikali, na Baraza likalazimika kupima mitaala na wahitimu wa vyuo vya aina zaidi ya moja. Bugando na KCMC nazo zikafuata njia hiyo kwa upande wa Mwanza na Moshi.

Wingi huo wa vituo ulileta mkanganyiko ambao unaendelea hadi leo. Usajili wa kituo na usajili wa mtu ni vitu viwili. Kituo binafsi husajiliwa na Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasi, fundi wa maabara ana baraza lake, maabara binafsi zina bodi yake, mashine ya eksirei hupitia Tume ya Nguvu za Atomu, na mganga wa tiba asili, tangu sheria ya 2002, ana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwenye zahanati ya Yombo Vituka anayefanya kila kitu kwa halali hujikuta na majalada mengi kuliko vitanda. Asiyefanya kwa halali hujifunza haraka kwamba fremu moja ukutani huwatosha wagonjwa wengi, hata kama ni fremu ya kituo na wala si ya mtu anayewadunga sindano.

Jalada la daktari

Wananchi husikia neno "usajili" wakadhani ni kulipa ada na kupewa kadi. Jalada lenyewe ni refu kuliko hivyo, na huanza miaka mingi kabla kijana hajavaa koti jeupe.

Mwanzo wake ni cheti cha kuzaliwa, ambacho huthibitishwa na RITA. Kisha vyeti vya kidato cha nne na cha sita, ambavyo asili yake imo kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Mwenye shahada ya udaktari huongeza cheti na orodha ya matokeo kutoka chuoni. Aliyesoma Ukraine, China, Urusi, India au Uganda hupitia kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo huangalia kama chuo alikotoka kinatambulika na kama shahada yake inalingana na ya nyumbani. Wahitimu wa nje wamekuwa wakifanyishwa pia mtihani wa Baraza kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Mtihani huo umewatoa jasho wengi, na si ajabu: daktari aliyejifunza magonjwa ya nchi ya baridi kwa lugha ya kigeni anarudi kukutana na malaria, selimundu na kifafa cha mimba kwa siku moja.

Jambo linalokwamisha majalada mengi, hata hivyo, ni dogo mno: jina. Mtu alizaliwa Saidi, shuleni akaandikwa Said, chuoni likaongezwa jina la babu, na kitambulisho cha taifa kikaja na mpangilio wake. Wanawake wanaochukua jina la mume katikati ya masomo wana safari ndefu zaidi. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Wapo wanaoona huo ni usumbufu wa karani. Sivyo. Mtu anayetumia cheti cha mwenzake hupita kwenye mwanya huo huo wa herufi moja au jina moja, na karani anayekataa kufumba macho analinda watu ambao hatawaona maishani.

Karatasi zikikubaliwa, mhitimu hupewa usajili wa muda. Huu humwezesha kufanya mafunzo kwa vitendo ya mwaka mmoja chini ya usimamizi, ambamo kwa desturi huzunguka idara kubwa nne: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana zimelea vijana wengi wa hatua hii sambamba na Muhimbili. Mtu aliyewahi kupita wodi ya wazazi ya Mwananyamala au Temeke usiku anajua kwa nini mwaka huo haufupishwi. Kila idara humjazia kitabu chake cha kumbukumbu, ambacho wenyewe hukiita logibuku: amezalisha mara ngapi, ameshona majeraha mangapi, nani alimsimamia na akatia sahihi. Kitabu hicho kikipotea, mwaka mzima huwa mashakani.

Baada ya hapo huja usajili kamili, na kwa anayesomea zaidi, usajili wa ubingwa. Lakini usajili si leseni. Usajili unasema mtu huyu ni daktari. Leseni inasema anaruhusiwa kufanya kazi sasa. Daktari, kama dereva wa daladala, anaweza kuwa na ujuzi wa miaka 20 na bado akawa na kosa la leseni iliyokwisha muda. Ili kuihuisha hulipa ada na kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza, kwa alama za mafunzo endelevu anazozipata kwenye semina, makongamano na kozi zinazotambuliwa. Wenye vituo vya pembezoni hulalamikia alama hizi, kwamba semina nyingi hufanyika kwenye kumbi za katikati ya mji siku za kazi. Lalamiko lao lina uzito. Daktari mmoja wa zahanati ya Chamazi akienda semina, siku hiyo zahanati haina daktari.

Kwa mgeni jalada ni nene zaidi. Anahitaji usajili wa muda maalumu kutoka kwenye Baraza, kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Madaktari bingwa wanaokuja kwa kambi ya upasuaji ya siku chache hawasamehewi usajili huo. Kwa Mtanzania anayekwenda nje, Botswana, Namibia, Uingereza au Ghuba, Baraza huandika cheti cha mwenendo mwema, kinachoieleza mamlaka ya kule kwamba mtu huyu hana doa kwenye daftari la kwao.

2012: mwaka mgumu

Historia ya sherehe hupenda kuruka miaka kama huu. Mwanzoni mwa 2012 na tena katikati ya mwaka, madaktari waligoma wakidai maslahi na vifaa vya kazi. Mgogoro uliwahusisha tangu mwanzo vijana wa mafunzo kwa vitendo, na hospitali za Dar es Salaam ziliathirika vibaya. Wagonjwa walirudishwa nyumbani. Wenye uwezo wakakimbilia hospitali binafsi.

Serikali iliwapeleka vijana hao mbele ya Baraza, na usajili wa muda wa zaidi ya 300 kati yao ulisitishwa. Karatasi iliyotolewa ili kumlinda mgonjwa ikajikuta katikati ya mgogoro wa kazi. Wapo waliosema Baraza lilifanya kazi yake, kwa kuwa kiapo cha daktari hakina likizo. Wapo waliosema lilitumika kama fimbo ya mwajiri. Hoja zote mbili zilikuwa na watetezi wenye akili, na ni vigumu kuisoma sheria iliyofuata miaka mitano baadaye bila kukumbuka kwamba Baraza la zamani lilikuwa ofisi ndogo ndani ya wizara ile ile iliyokuwa mlalamikaji.

2017: mwaka wa vyeti

Mwaka 2017 nchi nzima ilizungumza lugha ya Baraza. Machi mwaka huo, baada ya mgomo wa siku 100 wa madaktari wa Kenya, Rais John Magufuli alikubali ombi la kupeleka huko madaktari 500. Maombi yakatangazwa, vijana wakakimbia kutoa nakala za vyeti. Shauri likafunguliwa mahakamani Nairobi na mpango ukakwama. Aprili, Rais akaagiza waombaji 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe nyumbani mara moja. Kwa waliokuwa wamekaa bila ajira huku usajili wao ukiwa umekamilika, jalada lililokuwa safi liligeuka mshahara ndani ya wiki chache.

Mwezi huo huo, tarehe 28 Aprili, matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma yalikabidhiwa kwa Rais mjini Dodoma: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vilivyokamata wengi vilikuwa vya sekondari, si vya taaluma. Sekta ya afya iliguswa pamoja na nyingine, na zahanati zilizokuwa na wahudumu wawili zikabaki na mmoja au bila mtu. Zoezi lile lilionyesha kitu ambacho watunza daftari walikijua siku nyingi: hatua ya mwisho ya jalada haiwezi kuwa imara kuliko ya kwanza. Ukimsajili mtu kwa cheti halali cha chuo kilichompokea kwa cheti bandia cha kidato cha nne, umesajili uongo kwa uaminifu.

Kisha ikaja sheria mpya. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi, Namba 11 ya 2017, iliifuta ile iliyoanza 1959, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imepangwa upya kama Sura ya 152. Sasa matabibu, madaktari wasaidizi, wataalamu wa fiziotherapia na kada nyingine za afya shirikishi wakaingia rasmi chini ya paa moja na madaktari. Mwenye shahada husajiliwa, mwenye stashahada huandikishwa, mwenye astashahada huorodheshwa. Kwa vitongoji vya Dar es Salaam hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia ya Baraza, kubwa hata kuliko kuanzishwa kwake. Mgonjwa wa Buza au Goba mara nyingi hakutani na daktari wa shahada. Hukutana na tabibu. Daftari lililomwacha tabibu nje lilikuwa linawalinda zaidi watu wa Oysterbay.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1959 | Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 409, yaanzisha Baraza |
| 1963 | Chuo cha Tiba cha Dar es Salaam chaanza Muhimbili |
| 1968 | Chuo hicho chawa kitivo cha Chuo Kikuu |
| 1977 | Sheria ya Hospitali Binafsi yapiga marufuku tiba ya faida |
| 1991 | Marekebisho yaruhusu tena hospitali na zahanati binafsi |
| 1997 | Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki chaanzishwa Mikocheni |
| 2000 | Dar es Salaam yagawanywa manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke |
| 2002 | Sheria za nchi zapangwa upya. Sura ya 409 yawa Sura ya 152 |
| 2010 | Soko la Pamoja la Afrika Mashariki laanza |
| 2012 | Mgomo wa madaktari. Usajili wa muda wa vijana zaidi ya 300 wasitishwa |
| 2017 | Uhakiki wa vyeti. Sheria Namba 11 yaingiza kada za afya shirikishi |

Uongozi na mikono ya kazi

Kwa miongo mingi Baraza halikuwa na sura yake mbele ya umma. Lilikuwa na Mwenyekiti na wajumbe waliokutana kwa vikao, na Msajili aliyefanya kazi za kila siku ndani ya wizara, kivulini mwa Mganga Mkuu wa Serikali. Msajili ndiye mtu ambaye daktari kijana alimjua: sahihi yake ndiyo iliyokuwa kwenye cheti. Makarani wa masjala ya wakati ule wanastahili ukurasa wao kwenye kitabu chochote cha Baraza, kwani daftari la karatasi hutegemea kumbukumbu ya mtu anayejua jalada fulani liko kabati gani.

Awamu ya pili ni ya mfumo wa kompyuta. Maombi yakahamia mtandaoni, malipo yakawa kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, na daktari wa Kigamboni hakulazimika tena kuvuka kwa pantoni akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Serikali ilipohamia Dodoma, Baraza nalo lilihamishia makao yake huko. Mabadiliko hayo mawili yaliokoana: bila mtandao, kuhamia Dodoma kungekuwa adhabu kwa mkoa wenye madaktari wengi kuliko wowote.

Upande wa Afrika Mashariki, mabaraza ya nchi wanachama hukagua vyuo vya tiba kwa pamoja na kutambuana vyeti. Kazi hiyo haina kelele, na mara nyingi wanaoiona ni wakuu wa vyuo wanaopewa orodha ya kasoro za kurekebisha.

Kazi ya nidhamu ndiyo inayoonekana zaidi. Baraza husikiliza mashauri dhidi ya wanataaluma, na lina uwezo wa kuonya, kusimamisha au kufuta jina. Hapa pana tofauti ambayo wananchi wengi huikosa. Chama cha Madaktari ni chama cha wanataaluma, kinachotetea wanachama wake. Baraza ni chombo cha sheria, na mteja wake ni mgonjwa. Kuna pia aina nyingine ya mashauri, ambayo si ya Baraza peke yake: vishoka. Mtu ambaye hakuwahi kusomea udaktari hana jina la kufutwa. Huyo ni wa polisi na mahakama, na Baraza huwa shahidi kwamba hayumo kwenye daftari. Magazeti ya Dar es Salaam yameandika mara nyingi habari za "daktari feki" aliyenaswa wodini amevaa koti jeupe na kipimo cha mapigo ya moyo shingoni.

Kuna mtindo mwingine wa kificho zaidi. Baraza la Famasi limewaonya mara kwa mara wafamasia wanaokodisha vyeti vyao kwa maduka ya dawa wasiyofanyia kazi. Mwanya wa namna hiyo upo pia kwenye zahanati: jina la daktari mstaafu linasomeka kama mganga mfawidhi, naye yuko shambani kwake Mkuranga. Karatasi ni halisi, sahihi ni halisi, ni mtu tu ambaye hayupo. Mfumo wa kompyuta hauwezi kumkamata huyo. Anayeweza ni timu ya Mganga Mkuu wa Manispaa inayofika bila taarifa, na timu hizo zina magari machache na mafuta ya kuhesabu.

Mji wa sasa

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, zaidi ya mara 10 ya mji mzima wa 1957. Kinondoni ilikuwa na 982,328 hata baada ya kumegwa Ubungo. Hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana zimepandishwa kuwa za rufaa za mkoa. Mbagala Rangi Tatu, Sinza Palestina na Vijibweni zimebeba kazi zilizokuwa za hospitali hizo. Mloganzila ilizinduliwa Novemba 2017. Kati ya hizo zote na mgonjwa zipo zahanati na vituo vya afya vya mitaani, na humo ndimo daftari la Baraza hupimwa.

Tathmini ya haki ni kwamba Baraza limefanikiwa zaidi mlangoni kuliko ndani ya nyumba. Kuingia kwenye daftari leo ni kugumu kuliko wakati wowote, na hilo ni jema. Kufuatilia aliyekwisha kuingia, kujua kama yuko kituoni, kama leseni yake iko hai na kama anatibu ndani ya mipaka ya ujuzi wake, bado kunategemea mno ukaguzi wa mara chache na uungwana wa mwenye kituo.

Kwa hiyo msomaji naye ana sehemu yake. Anayehudumiwa ana haki ya kuuliza jina kamili la anayemtibu na kada yake, na kuomba kuona leseni iliyo hai. Anayeona ametendewa kinyume na maadili aandike malalamiko kwa Msajili wa Baraza, akitaja jina la mtoa huduma, kituo, tarehe na yaliyotokea, na aambatishe nakala za karatasi alizopewa. Asiitupe kadi ya kliniki wala stakabadhi ya malipo: ndiyo ushahidi utakaosomwa kwanza.